Isale Mezani kwa Mkuu

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga polepole, kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Nje kulikuwa bado giza. Bibi Cresensia alikisikia akiwa kitandani, akajua mahindi yameiva, akavaa sweta juu ya gauni na kuingia jikoni akiburuta kandambili. Mahindi yaliyokobolewa yalikuwa motoni tangu jana jioni, yakichemka bila haraka juu ya magogo mawili. Sasa aliyaponda kwa mwiko mpaka yakalainika, akayaacha yapoe, kisha akayatia kwenye ndoo na kumimina maziwa mgando ya ng'ombe wake. Hiyo ndiyo loshoro, na kule Daa hakuna aliyewahi kusema kwamba ya Cresensia ni chachu mno au nzito mno.

Mume wake, mzee Felisiani, alikohoa upande wa pili wa ukuta, akauliza ndoo nzima anampikia nani.

"Wameandika ukamchukue mtoto," alisema. "Hawakuandika ukalishe chuo."

"Mtu haendi kumchukua mtoto mikono mitupu."

Mzee aliinuka, akatafuta mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akaifunga ndoo ile kwa mizunguko mitatu ili mfuniko usifunguke njiani. Kisha akarudi kulala. Cresensia aliuona mpira ule, akafurahi moyoni.

Barua ilikuwa imefika Jumatano, imeletwa na mtendaji wa kijiji, Remigius, ambaye aliisoma mara mbili kwa sauti ya taratibu bila kuombwa kurudia. Ilitoka chuo cha utalii cha Karatu, alikosoma mjukuu wao Angela. Ilisema kwamba baadhi ya wanafunzi wa kike wamehamia na magodoro yao kwenye jengo la utawala na wanakataa kutoka. Mzazi au mlezi anatakiwa afike chuoni kabla ya Ijumaa saa nane mchana, atie sahihi ahadi kwamba binti yake hatarudia, kisha aondoke naye kwa wiki mbili. Ambaye hatakuwa na mzazi wala mlezi wa kumtilia sahihi kufikia saa hiyo, atahesabiwa kuwa amejiondoa chuo mwenyewe.

Angela alikuwa amebakiza miezi miwili amalize. Cresensia alimlea tangu akiwa na miaka mitatu, mama yake alipofariki. Alimbeba mgongoni akipalilia mbaazi, akampeleka shule ya msingi siku ya kwanza, na siku alipochaguliwa kwenda chuo, nyumba nzima haikula mchana kwa furaha, wakasahau. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika mbali hivyo. Kwa hiyo barua ile ilipokwisha kusomwa, Cresensia aliwaza jambo moja tu: mtoto huyu asifukuzwe. Mengine angeyaelewa baadaye.

Alhamisi jioni alipita dukani kwa Monika, mwanamke wa Kilimanjaro aliyehamia Daa miaka mingi iliyopita na kupanda masale, mimea ya majani marefu, kuzunguka ua wake, kama wanavyofanya kwao. Monika alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza mkuu wa chuo anaitwa nani. Alipoambiwa ni Daktari Elirehema, wa Machame, alicheka na kutoka nje na kisu. Alirudi na jani moja refu la isale, bichi, akalikunja katikati na kulifunga fundo.

"Huyo wa kwetu," alisema. "Ukimwonyesha hili, mama, hana ujanja. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha, humkatalii. Hata kama amekuchomea nyumba."

"Mimi sijachoma nyumba ya mtu."

"Ndiyo maana nimekukatia moja tu."

Cresensia alilifunga kwenye kitambaa kibichi ili lisinyauke, akalala na matumaini.

Asubuhi ile ya Ijumaa Silvanus, mfanyabiashara wa mbaazi, alimpakia mbele kwenye pikapu yake, ingawa mkewe naye alikuwa na safari. Mke wake alihamia nyuma juu ya magunia akisema kwamba huko kuna hewa nzuri. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio, hakuna hewa nzuri yoyote. Cresensia aliinamisha kichwa, akashukuru kimya, na ndoo ilikaa katikati ya miguu yake mpaka Karatu mjini.

Getini alikutana na mlinzi, Joseph, mwanamume wa makamo mwenye koti kubwa la jeshi. Alimsalimia kwa Kiiraqw aliposikia anatokea Daa, akaandika jina lake kwenye daftari. Kisha akaitazama ndoo. Alieleza, kama mtu anayeomba radhi, kwamba uongozi umekataza chakula kuingia. Siku ya kwanza walibandika tangazo, siku ya pili wakafunga jiko, siku ya tatu wakafunga maji ya jengo la utawala, na siku ya nne zikatoka barua za wazazi. Ilikuwa sasa siku ya saba. Mabinti walikuwa ishirini na wawili mwanzoni. Wazazi wameshafika wakachukua wanane, wengine wakilia, wengine wakivutwa mkono.

"Sasa ndoo hii nitaifanyaje?" akauliza Cresensia.

Joseph alifunga daftari, akageuka kulitazama bonde la upande wa pili, ambako ukungu ulikuwa ukipanda kutoka msituni.

"Ndoo gani, mama? Mimi naangalia majina tu."

Jengo la utawala lilikuwa na ukumbi mrefu wenye vigae, na humo ndimo mabinti walimokuwa. Cresensia alitegemea kukuta fujo. Alikuta magodoro yamepangwa upande mmoja wa ukuta, yametandikwa, na upande wa pili wameacha njia ili wafanyakazi wapite kwenda ofisini. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mabinti wanne walikuwa wamekaa wakiulizana maswali ya mtihani kuhusu ndege wa Ngorongoro. Katibu muhtasi, mama mmoja mnene aitwaye Evelyn, alipita kwa viatu vya kisigino akisema jamani nisiwakanyage, na Cresensia aliona kwamba juu ya meza yake, nyuma ya mafaili, kulikuwa na simu kama kumi za mabinti zikichajiwa.

Angela aliinuka akaja, akamkumbatia bibi yake muda mrefu. Alikuwa amekonda kidogo na midomo imekauka. Nyuma yake alisimama binti mrefu, mwembamba, ambaye aliinamisha kichwa mbele ya Cresensia. Cresensia alikuwa ameuziana maziwa na Wamaasai miaka mingi, akajua kinachotakiwa. Aliweka kiganja chake juu ya utosi wa binti yule, akakiacha hapo kidogo.

"Huyu ni Seenoi, bibi," alisema Angela. "Wa Arash. Ndiye anayetusemea."

Loshoro ilifunguliwa. Walikunywa kwa zamu kwa vikombe vitatu, na Cresensia alitambua kwamba Seenoi alikuwa wa mwisho kupokea, na kwamba kabla ya hapo alipeleka kikombe kimoja kwa Evelyn, aliyekipokea chini ya meza.

Walipokwisha kunywa, Cresensia alimwita mjukuu wake pembeni, wakakaa kwenye ngazi. Alimwuliza kwa upole kwa nini yeye yumo humu. Angela alieleza. Hosteli ya wasichana, ile iliyo juu karibu na msitu, uongozi umeamua ipokee wageni wa msimu, makundi yanayokuja kutazama kreta. Wasichana wamepewa wiki mbili wakatafute vyumba mjini, na mitihani iko karibu. Hakuna aliyeulizwa. Wenye ndugu Karatu watapata pa kulala. Wanaotoka Arash, Loliondo na Nainokanoka hawana mtu.

"Lakini wewe unaye shangazi yako Laurencia hapa hapa mjini," alisema Cresensia. "Kwake kuna kitanda."

"Kipo, bibi. Kimoja."

Cresensia akatoa kitambaa chake, akakifungua, akamwonyesha jani na kumweleza mpango wa Monika. Alitegemea mtoto atapumua. Badala yake Angela aliweka mkono juu ya jani lile, kama anayefunika kitu kisionekane.

"Hilo usimpe, bibi."

"Kwa nini?"

"Anayebeba isale ndiye aliyekosa. Mkuu mwenyewe alitufundisha mwaka wa kwanza, somo la mila, akaja nalo darasani. Ukimpa, umesema tumekosa. Mimi nitasamehewa kwa sababu nina bibi. Seenoi ataombewa na nani?"

Mama yake Seenoi, alieleza, alikuwa zaidi ya Arash na mifugo, mahali ambapo simu haishiki. Hata barua sidhani imefika, alisema Angela. Na saa nane ikipita bila mlezi, Seenoi hayupo tena chuoni.

Hili bibi hakuwa amelihesabu. Alikuwa amekuja na jani la kuomba msamaha katika mila isiyo yake, akaangalia nguvu yake tu, asiulize linamsema nani. Alikaa pale kwenye ngazi muda mrefu, jani limelala mapajani. Angeweza kwenda kulitoa. Mtoto angerudi darasani baada ya wiki mbili, angemaliza, angevaa joho, na mzee Felisiani angeitundika picha ukutani. Alilitamani jambo hilo mno. Angela hakumbembeleza wala hakulia. Alikaa tu karibu naye, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakikaa zamani wakipepeta mbaazi.

Karibu saa sita Evelyn alikuja kumwita. Zamu yake imefika.

Ofisi ya mkuu ilikuwa na zulia na picha ya faru. Daktari Elirehema aliinuka, akamwamkia shikamoo kwa kuinama, akamvutia kiti mwenyewe, akauliza mvua zikoje Daa na kama mbaazi zimepona wadudu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Juu ya meza kulikuwa na chapati iliyokauka, imeumwa mara moja. Cresensia alimwonea huruma, akafikiri kwamba huyu naye hajala siku saba.

Mkuu alieleza kwa sauti ya chini kwamba bodi ya chuo imekwisha kuwaahidi wageni, kwamba imemtaka aite polisi tangu siku ya pili na yeye amekataa, na kwamba kuita wazazi ndiyo njia laini aliyoiona. Akasukuma mbele karatasi ya ahadi na kalamu.

Cresensia aliisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Alipoinua mkono kurekebisha khanga yake, kitambaa kilifunguka na jani likaonekana, na fundo lake.

Uso wa mkuu ulibadilika. Alisimama. Alivuta koti lake likae vizuri, akanyoosha mikono yote miwili, kama mtu aliyefundishwa na babu yake namna ya kupokea kitu hicho. Ilionekana wazi kwamba amepata nafuu. Mlezi mmoja ameleta isale, kwa hiyo kosa limekubaliwa, naye hana budi kusamehe, na kila mtu ataweza kwenda nyumbani.

"Hapana, mwanangu," alisema Cresensia. "Sijakupa."

Mikono ya mkuu ilibaki hewani.

"Nililileta nikuombe. Sikujua vizuri, mimi si wa kwenu. Huko ukumbini wameniambia kwamba anayelibeba ndiye aliyekosa. Nimekaa kwenye ngazi nikitafuta kosa la mtoto wangu ili nikuombe vizuri. Nimemkuta ana shangazi mwenye kitanda, na bado amelala sakafuni kwa ajili ya asiye na shangazi. Sikupata pa kuombea msamaha hapo."

Mkuu aliketi taratibu. Nje mtu alikuwa akisoma kwa sauti majina ya ndege.

"Kwenu," aliendelea bibi, "mkubwa akimkosea mdogo, naye hulibeba?"

"Hulibeba," alisema mkuu. "Si mara nyingi. Lakini hulibeba."

"Basi nitaliacha hapa mezani. Sijampa mtu. Atakayeliona ni lake atalichukua."

Aliliweka karibu na chapati. Kisha akasema kwamba karatasi ile hataitia sahihi, kwa sababu inamtaka aahidi kwa kinywa cha mtu mzima mwingine. Ila kama kuna daftari la walezi waliofika, aliomba aandikwe humo mara mbili, kwa Angela na kwa Seenoi wa Arash.

"Seenoi si ndugu yako, mama."

"Asubuhi ameniletea kichwa nikakigusa. Kwao hilo si jambo dogo, na kwangu pia limeshaingia. Niandike."

Mkuu alimtazama, akachukua kalamu, akaandika.

Cresensia alirudi ukumbini, akaketi kwenye godoro la Angela. Hakujua amefanya jema au amemponza mjukuu wake, na alipoulizwa alisema hivyo hivyo, sijui, wanangu. Mabinti walimpa mto wa kuegemea. Mmoja alimkanda miguu. Saa saba ilipita. Walezi wengine wawili walikuja, baba mmoja wa Mbulu na mama mmoja muuza nguo za mitumba sokoni. Waliambiwa yaliyotokea, wakatazamana, wakakaa nao chini badala ya kwenda kutia sahihi. Seenoi alikuwa dirishani, anatazama barabara kama mtu ambaye hategemei kumwona anayekuja lakini hawezi kuacha kutazama.

Saa nane kamili mlango wa ofisi ulifunguka. Mkuu alitoka peke yake, bila walinzi, na mkononi alikuwa ameshika lile jani. Mabinti wa Kilimanjaro walielewa kwanza. Wawili wao waliinuka mara moja, na wengine wakainuka kwa kuwaona.

Hakusema maneno mengi. Alisema kwamba hosteli haitaguswa mpaka mitihani iishe, na kabla ya uamuzi mwingine wowote atakaa nao, wao na yeye, kisha wote pamoja watakwenda mbele ya bodi. Barua za wazazi amezifuta, na waliochukuliwa nyumbani watapigiwa simu leo hii warudi. Jiko linafunguliwa, maji pia.

"Nilipaswa kuwauliza kwanza," alisema. "Sikuwauliza." Akamwendea Seenoi na kumnyooshea jani kwa mikono miwili.

Seenoi hakulipokea papo hapo. Alimtazama Cresensia, na Cresensia akatazama chini, maana hilo halikuwa lake la kuamua.

"Tunakushukuru, Mkuu," alisema Seenoi mwishowe. "Tutapokea. Ila tunaomba iandikwe, na sahihi yako iwepo. Bodi haijui masale."

Mtu mmoja alicheka, kisha mkuu naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Kutoka ndani ya ofisi Evelyn aliita kwamba ameshafika aya ya pili, na hosteli inaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo? Karatasi ililetwa, ikasainiwa juu ya mgongo wa faili, ikasomwa kwa sauti. Ndipo Seenoi akapiga goti kidogo, akapokea jani kwa mikono yake miwili.

Si wote walioridhika. Binti mmoja alinung'unika kwamba mpaka mitihani iishe ni miezi miwili tu, na baada ya hapo je? Seenoi alimjibu kwamba baada ya hapo watajua njia ya kuja ukumbini. Walianza kukunja magodoro. Mkuu alisimama mlangoni akiwatazama, kisha akavua koti, akashika upande mmoja wa godoro lililokuwa zito na kulibeba mpaka nje.

Saa kumi jua lilikuwa limefungua mawingu. Silvanus alikwisha kupiga simu kwamba anasubiri barabarani. Angela alikuwa amelala fofofo hosteli, viatu miguuni, na Cresensia alisema asiamshwe. Alimfunika blanketi, akamgusa shavu, akatoka. Kwa hiyo aliyemsindikiza hadi getini alikuwa Seenoi, amebeba ndoo tupu aliyokwisha kuiosha kwa maji yaliyorudi.

Walitembea polepole kwa sababu ya magoti ya bibi. Seenoi alimsimulia habari za nyumbani kwao, jinsi mama yake anavyomwita kila ng'ombe kwa jina lake, na jinsi kutoka Arash mpaka Karatu mtu anavyoweza kulala njiani usiku mmoja au miwili, gari likiharibika. Cresensia alisema kwamba siku mama yake akishuka upande huu, afikie Daa, asitafute nyumba ya wageni. Joseph aliwafungulia geti, akasogea mbali kidogo ili wasemezane.

Seenoi alimkabidhi ndoo, lakini mkono wake ulibaki kwenye mshikio. Aliinamisha kichwa, na bibi akakigusa.

"Koko," alisema binti, kama wanavyowaita bibi zao huko kwao, "Jumapili huwa wanaruhusu wageni. Wenzangu wote hutembelewa. Mimi tangu nije hapa, miaka miwili hii, nakaa tu chumbani siku hiyo nasoma. Sisemi Jumapili hii, najua ni mbali. Lakini uje tena, koko. Uje unitembelee mimi."